Simba Juu ya Dirhamu: Wanyama katika Sarafu na Hukumu ya Mwenye Kuzikusanya

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na vijana wetu ni la mtu anayekusanya sarafu na noti za nchi mbalimbali, hasa zile zenye picha za wanyama: simba, tembo, kifaru, chui milia. Wengine huzipanga ndani ya albamu, wengine huzitia kwenye fremu na kuzitundika ukutani. Wapo wanaowajibu kwa haraka kuwa ni haramu kwa sababu ya picha. Wapo pia wanaosema hapana neno, kwani sote tunaingia nazo msikitini zikiwa mifukoni. Majibu yote mawili yana upungufu, kwa sababu yote mawili yameiruka historia, na suala hili halifahamiki bila ya historia.

Fedha za wageni mikononi mwa Waislamu

Mtume (S.A.W.) alipopewa utume, Waarabu wa Hijazi hawakuwa na sarafu yao wenyewe. Dinari za dhahabu zilitoka Rum na dirhamu za fedha zilitoka Fursi. Qur'ani Tukufu imetaja dinari katika Surat Al-Imran na dirhamu katika Surat Yusuf. Dinari za Rum zilikuwa na sura za wafalme wao pamoja na msalaba. Dirhamu za Fursi zilikuwa na sura ya Kisra upande mmoja, na upande wa pili madhabahu ya moto. Juu ya hayo, Waislamu walinunua na kuuza kwa fedha hizo, wakatoa zaka na kulipana mahari kwazo, na Mtume (S.A.W.) hakuwakataza.

Baada ya nchi za Fursi kufunguliwa, magavana waliendelea kupiga dirhamu kwa mtindo uleule, wakiongeza pembezoni maneno ya Kiislamu kama vile Bismillah. Habari hizi zimeelezwa na al-Baladhuri mwishoni mwa Futuh al-Buldan, na al-Maqrizi akaziandikia risala maalumu juu ya fedha.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa mikono ya Khalifa Abdul-Malik bin Marwan. Kwanza alipiga dinari yenye umbo la khalifa aliyesimama na upanga. Kisha mwaka 77 Hijria (696/697 Miladia) akaiacha sura hiyo kabisa, ikatoka dinari ya maandishi matupu: shahada, maneno ya Qur'ani na mwaka wa kupigwa. Dirhamu za namna hiyo zikafuata. Kuanzia hapo, kwa karne nyingi, sarafu ya Kiislamu ikajulikana kwa maandishi yake.

Wanyama warudi

Hata hivyo, picha hazikutoweka moja kwa moja. Katika karne ya sita na ya saba Hijria, watawala wa Kituruki wa Diyar Bakr na Sinjar walipiga sarafu za shaba zenye nyuso za watu na tai mwenye vichwa viwili. Sultani wa Waseljuki wa Rum, Kaykhusraw wa Pili, alipiga dirhamu zenye simba aliyebeba jua mgongoni, kuanzia mwaka 638 (1240/1241). Mwanahistoria Ibn al-Ibri amesimulia kwamba Sultani alitaka kuweka sura ya mkewe wa Kigeorgia, watu wake wakamshauri asifanye hivyo, ndipo akaweka simba na jua.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Sultani wa Wamamluki, al-Dhahir Baybars, aliyetawala Misri na Sham kuanzia mwaka 658 hadi 676 (1260 hadi 1277). Huyu ni miongoni mwa waliowashinda Watatari katika Ayn Jalut. Nembo yake ilikuwa mnyama wa jamii ya simba anayetembea, naye aliiweka juu ya madaraja, majengo na sarafu zake, zikiwemo dirhamu zilizopigwa Cairo na Damascus.

Katika Damascus hiyohiyo, zama hizohizo, aliishi Imamu an-Nawawi (rahimahullah), akisomesha Dar al-Hadith al-Ashrafiyya. Hakuwa mwanachuoni wa kumwogopa Sultani, kwani alimwandikia kupinga mali za raia kuchukuliwa bila haki. Wote wawili walifariki mwaka 676. Basi tukifungua Sharh yake ya Sahih Muslim, mlango wa picha, tunamkuta akieleza kwamba kutengeneza sura ya mnyama ni haramu, sawa iwe kwenye nguo, zulia, chombo, ukuta, au kwenye dirhamu, dinari na fulusi. Hakulitaja jina la Sultani. Lakini aliyetaja dirhamu ni mtu aliyeishi katika mji ambao dirhamu zake zilikuwa na simba.

Na hapa ndipo pa kuzingatia. An-Nawawi amezungumzia kutengeneza, kisha akapambanua suala la kutumia. Picha ikiwa imetundikwa ukutani au imevaliwa, hairuhusiwi. Ikiwa ni ya kukanyagwa au kukaliwa, si haramu, kwa sababu imedhalilishwa. Asili yake ni hadithi mashuhuri ya pazia la Bibi Aisha (R.A.) lililokuwa na picha, likateremshwa na kufanywa mito ya kuegemea.

Je, sarafu iingie upande upi? Haitundikwi wala haikanyagwi. Jibu alilitoa Waliyyud-Din Ibn al-Iraqi, mwanachuoni wa Kishafi'i wa Misri aliyefariki mwaka 826. Alisema dinari za Rum zenye sura ni katika fungu lisilokatazwa, kwa kuwa zinadhalilishwa kwa kutumiwa na kupitishwa mikono kwa mikono. Akatoa hoja kwamba waliotangulia walitumia sarafu hizo bila ya kukemeana, hadi zama za Abdul-Malik. Kauli hii ikanukuliwa na wanavyuoni wa madhehebu waliomfuata.

Pwani yetu

Katika pwani ya Afrika Mashariki, masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi tu, majina yao na sifa za Allah kwa vina, hakuna mnyama wala mtu. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, kulifukuliwa mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1299 (1882), aliweka picha ya mizani, alama ya uadilifu katika kupima.

Simba aliingia na wakoloni: chini ya mnazi kwenye rupia za Wajerumani, na mbele ya milima kwenye shilingi ya Waingereza kuanzia mwaka 1921. Bara Hindi nako, rupia ya mwaka 1947 ilitoka na chui milia. Kabla ya hapo, Tipu Sultan wa Mysore, aliyeuawa vitani na Waingereza mwaka 1799, aliweka tembo kwenye sarafu zake za shaba, lakini zile za dhahabu alizibakisha na maandishi, akaziita kwa majina kama Ahmadi, Siddiqi na Faruqi. Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, kulikuwa na samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Noti zake za karibuni zina simba, kifaru na tembo.

Mkusanyaji yuko wapi?

Turudi kwa muulizaji. Sababu iliyotajwa na Ibn al-Iraqi ni kutumiwa. Mwenye kuichukua noti ya tembo, akaiondoa sokoni, akaitia fremu na kuitundika sebuleni, ameiondoa ile sababu kwa mkono wake. Kwa mujibu wa hoja hiyo, hawezi kujitetea kwa noti iliyo mfukoni mwake. Tunajua kuna ikhtilafu juu ya picha isiyo na kivuli, na wapo waliosema ni makruhu tu. Lakini kwa mwenye kufuata madhehebu ya Shafi'i, lililo salama ni kutozitundika.

Je, azitupe? Hapana, hatusemi hivyo. Nisabu ya zaka ya dhahabu ni mithqali 20. Wanavyuoni wa zama zetu walipotaka kujua uzito wake kwa gramu, walizirejea dinari za kale zilizohifadhiwa, zikapimwa na kupatikana gramu 4.25, hivyo nisabu ikawa gramu 85. Sheikh Yusuf al-Qaradawi ameieleza njia hii katika Fiqh az-Zakat. Basi lau wote waliotangulia wangeziyeyusha sarafu za kale, tungelipoteza ushahidi katika nguzo ya dini. Kuzihifadhi kwa ajili ya elimu, ndani ya albamu au sanduku, kuna manufaa yanayotambulika, na ni mbali na kutukuza picha.

Lililo zito zaidi, na ambalo wengi hawaliulizi, ni biashara yenyewe. Dirhamu ya kale ikinunuliwa kwa fedha halisi, ni lazima zilingane uzito na zikabidhiwe papo hapo, hata kama moja ina thamani ya ukale. Ubada bin Samit (R.A.) alimpinga Muawiya (R.A.) pale vyombo vya fedha vilipouzwa kwa fedha. Ikinunuliwa kwa shilingi, tofauti inaruhusiwa lakini kukabidhiana papo hapo kunabaki, kwani Majma' ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kuwa noti ni fedha kamili zenye hukumu za dhahabu na fedha. Kwa msingi huohuo, noti ya shilingi 10,000 inayotumika, hata ikiwa na namba ya kupendeza, haiuzwi kwa shilingi 30,000, kwani hiyo ni riba.

Noti iliyofutwa ni jambo jingine. Noti ya shilingi 2,000 ya Tanzania ya mwaka 2003, yenye simba, ilikuwa fedha mpaka Benki Kuu ilipofunga muda wa kuibadilisha Aprili 2025. Baada ya hapo ni karatasi kama bidhaa nyingine, na watu wakubaliane bei. Ama zaka, sarafu za dhahabu na fedha hutolewa zaka zikifika nisabu hata zikiwa za kale, na noti zinazotumika huhesabiwa pamoja na fedha nyingine za mwenyewe. Zilizofutwa, na za shaba zisizotumika tena, hazina zaka isipokuwa kwa mwenye kuzifanyia biashara.

Tunamwomba Allah (S.W.) atufahamishe dini yetu na atulinde na riba, iliyo dhahiri na iliyofichika. Wallahu a'lam.