Rangi ya ukuta wa nje: anza na bati, si na kopo

Mvua zikishakatika na kipupwe kuanza, maswali ya ujenzi yanayotufikia studio hubadilika. Hayahusu tena saruji na nondo. Watu wamemaliza plasta na wanauliza wapake rangi gani nje. Wengi wanakuwa wameshachagua tayari, kwa kuona nyumba ya mtu kwenye simu au karatasi ya sampuli dukani, na wanataka tu kuambiwa kwamba ni nzuri. Sisi huwajibu kwa swali: bati lako ni la rangi gani?

Swali hilo ni la fedha. Bati likishapigwa misumari hutarajiwa kukaa miaka 20 au zaidi, wakati rangi ya ukuta hurudiwa kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo ukuta ndio unaolifuata bati. Anayeanza na ukuta anaweza kujikuta na paa la bluu juu ya kuta za chungwa, na kurekebisha hapo ni kununua ndoo upya, kumlipa fundi upya na kufunga jukwaa upya. Ile nyumba ya kwenye simu nayo mara nyingi ina paa tofauti kabisa na lako, ndiyo maana rangi iliyopendeza kule haipendezi hapa.

Ukipita Iringa, Njombe hadi Mbeya, mabati ya rangi utakayoyaona mara nyingi ni ya damu ya mzee, kahawia, kijani, bluu, na siku hizi kijivu cha mkaa. Damu ya mzee na kahawia ni rangi za joto, zina wekundu na unjano ndani yake. Zinakubaliana na krimu, rangi ya mchanga, au njano iliyopoa ya udongo. Ukiziwekea kijivu chenye ubluu, ukuta unaonekana kama umeazimwa nyumba nyingine. Kijivu cha mkaa na bluu ni rangi za baridi, na zinapatana na nyeupe safi au kijivu chepesi. Kijani kiko katikati: krimu inakikubali, lakini ukuta wa kijani chini ya bati la kijani ni nadra kufanikiwa, kwa sababu vijani viwili havifanani na jicho linaona tofauti hiyo kabla ya kuona nyumba. Bati gumu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni la bluu iliyokolea. Usishindane nalo. Weka nyeupe au kijivu hafifu sana, basi.

Tahadhari moja juu ya neno "nyeupe". Dukani kuna nyeupe nyingi, nyingine zina unjano, nyingine upinki, nyingine ubluu. Ukitazama moja peke yake huoni kitu. Shika karatasi nyeupe ya kawaida pembeni ya sampuli na utaiona rangi iliyojificha. Kisha ipeleke sampuli hiyo kwenye kipande cha bati kilichobaki wakati wa kuezeka. Kama hukubakiza kipande, chukua sampuli uende ukasimame nje ya nyumba, juani.

Baada ya bati, angalia vitu vingine vilivyokwisha kuwekwa: fremu za madirisha, grili, milango na ule ubao wa kuzunguka ukingo wa paa ambao mafundi wanauita fisha bodi. Fremu za aluminiamu huja na rangi yake ya fedha, kahawia au nyeusi, na hazipakwi, hivyo grili ni vema ifuate fremu. Fisha bodi ina njia mbili salama: ifanane na bati, paa lionekane nene na zito, au iwe nyeupe, ichore mstari safi kati ya paa na ukuta. Nguzo za baraza na mikanda ya kuzunguka madirisha vipate rangi moja ya pambo, ile ile kila mahali. Rangi tatu kwa nyumba nzima, ukihesabu na bati, zinatosha. Nyumba yenye nguzo za zambarau, mikanda ya njano na fisha bodi nyekundu inaanza kufanana na maduka ya barabarani yaliyopakwa rangi za kampuni za simu, na yale angalau yanapakwa bure.

Sasa tuje kwenye udongo, jambo ambalo picha za mitandaoni hazilionyeshi. Huku kwetu udongo ni mwekundu. Nyumba isiyo na mifereji ya kuvulia maji, kila mvua ikinyesha matone kutoka kwenye bati yanapiga chini na kurusha tope ukutani. Msimu mmoja tu, krimu ya chini imeshakuwa na madoa ya kutu. Wazee walilijua hili wakapaka mkanda wa rangi iliyokolea kuanzia chini hadi karibu na usawa wa madirisha. Vijana wanauona wa kizamani. Sisi tunauona kuwa ni uamuzi wenye akili kuliko mwingine wowote katika nyumba za aina hii, na unaunganisha nyumba na paa lake bila gharama: bati la damu ya mzee, mkanda wa damu ya mzee au kahawia. Nyeusi inashawishi, lakini vumbi jekundu linaonekana juu yake karibu sawa na tope juu ya nyeupe.

Joto nalo lina neno lake. Ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, mweusi kama asilimia 5 tu, na unaobaki hugeuka joto. Njombe hakuna atakayelalamika. Lakini kama unajenga Tanga au Dar es Salaam, ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri usiupake rangi nzito, hasa kama chumba cha kulala kiko upande huo. Rangi kali kama nyekundu ya kung'aa na zambarau pia huwahi kupauka. Zile za udongo, yaani ngeu, kahawia na njano iliyopoa, hudumu zaidi kwa sababu nyingi hutokana na oksidi za chuma, kitu kile kile kinachoupa udongo wetu wekundu.

Kabla ya kununua ndoo, nunua kopo dogo. Paka eneo la mita moja kwa mita moja, mikono miwili, karibu na fisha bodi, kwenye kuta mbili zinazotazama pande tofauti. Liache likauke, kwani rangi ya maji ikikauka kwa kawaida hukoza kidogo. Litazame asubuhi, mchana na jioni. Kumbuka pia kwamba ukuta mkubwa juani huonekana mweupe na mkali zaidi kuliko karatasi ya sampuli, hivyo ukisitasita kati ya mbili, chukua iliyopoa.

Plasta mpya iachwe kama siku 28 kabla ya kupakwa, la sivyo ukali wa saruji mbichi unaitafuna rangi na kuacha mabaka. Kwa walioko Makete na Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai zina umande na wakati mwingine barafu, fundi aanze jua likishapasha ukuta na aache mapema kabla haujapoa.

Rangi ikichanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja, na ndoo zichanganywe pamoja kabla ya kuanza ukuta wa mbele. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, ikitegemea plasta ilivyo laini. Namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kifuniko inakili nyuma ya mlango wa stoo, kwa sababu siku ya kuziba ufa utaihitaji, na duka linaweza kuwa limeshahama.