Usipoziba Ufa: Moto, Sheria na Nyumba ya Mianzi ya Wanyakyusa

Jioni ya tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, jumba kuu la makaburi ya Kasubi jijini Kampala. Humo walilazwa makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne, akiwamo Muteesa I, aliyelijenga mwaka 1882 liwe kasri lake. Baganda walimiminika kilimani wakilia kama waliofiwa na mzazi. Hata hivyo, mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana jumba lilikuwa limesimama tena. Nyasi na matete viliungua, lakini dhamana ya kuezeka ilibaki pale ilipokuwa tangu zamani, mikononi mwa ukoo wa Ngeye.

Rungwe, nchi ya Wanyakyusa kusini-magharibi mwa Tanzania, nayo imepoteza majengo yake, ila bila moshi wala kilio. Nyumba yao ya mianzi haikuungua, iliachwa. Makala haya yanadai kwamba moto, pamoja na ukatili wake, humwachia mfiwa kazi ya kufanya. Kinachotoweka polepole hakiwekewi hata matanga. Na hayo yamewapata watu ambao mazishi yao, yenye ngoma na vilio kwa pamoja, mwanaanthropolojia Godfrey Wilson aliyaona yanastahili uchunguzi wa pekee miaka ya 1930.

Nyumba yenyewe ilikuwaje? Mianzi ilisimamishwa wima, imekaribiana, na nafasi kati yake zikajazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono. Wanaume walisimamisha mianzi na kuezeka, wanawake wakashika udongo. Mvumbuzi Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivutiwa mno na usafi wa vijiji hivyo vilivyojificha migombani. Ila Tukuyu, mji wa Rungwe, ni wa mvua: kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na nyasi za paa hazidumu. Kwa hiyo kukarabati na kujenga upya ilikuwa sehemu ya maisha. Hata moto wenyewe ulikuwa na zamu yake. Monica Wilson, mke wa Godfrey na mwanaanthropolojia mwenzake, anaeleza kwamba katika ubusoka, sherehe ya kizazi cha baba kukabidhi nchi kwa wana, mioto ya zamani ilizimwa na mpya ukapekechwa. Kwa Wanyakyusa, basi, ukale wa nyumba haukuwa katika mwanzi. Ulikuwa katika mikono iliyojua kuusimamisha.

Sheria yetu inahesabu vingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulitambua jengo kuwa kumbukumbu ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo hungoja tangazo la Waziri. Mlango wa nakshi umepewa nafuu: uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa, jambo linaloifaa zaidi pwani. Sasa tukitumie kipimo hicho Rungwe. Wamoraviani walifungua misheni yao hapo mwaka 1891. Wajerumani walihamishia boma lao Tukuyu, wakaiita Neu Langenburg, baada ya hapo. Yote hayo yameukosa mwaka 1863. Nyumba ya mianzi ndiyo iliyokosa zaidi, kwa kuwa kila baada ya miaka michache ilizaliwa upya, na mbele ya sheria kitu kipya hakina historia. Hata jumba la Kasubi, lingekuwa Tanzania, lisingelindwa kwa umri wake.

Atatokea wa kuuliza: nani anataka kurudi kwenye paa linalovuja na moshi unaochoma macho? Swali ni la haki. Mama aliyepata bati na tofali la kuchoma hana sababu ya kuona haya, wala mtaalamu anayelala chini ya bati hana haki ya kumwekea mwenzake nyasi. Lakini kuacha kuishi ndani ya nyumba ni jambo moja, na kusahau namna ya kuijenga ni jambo jingine. Baganda wengi nao huishi chini ya bati. Kilichowaokoa ni kwamba kazi ya kuezeka ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo la makala haya si kuzungushia uzio nyumba moja ya maonyesho, kwa kuwa nayo ingeoza baada ya masika machache. Ni kwamba sheria iutambue ujuzi pamoja na jengo, na wazee wanaokumbuka kazi ya mianzi na udongo walipwe kujenga pamoja na vijana, halafu wajenge tena paa likichakaa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyo hilo lina faraja ndani yake, maana linachukulia kuwa mjenzi bado yupo.