SENTI KUMI YENYE TUNDU

Waulize wazee wetu hapa Boito kuhusu ile senti kumi ya shaba nyeusi, yenye tundu katikati. Ilikuja na shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, ikiwa na jina la mfalme wa Uingereza. Mwaka 1922 kodi ya nyumba ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Hizo ni sarafu 120 kama hiyo! Aliyeuza wimbi sokoni alizitunga kwenye uzi zisimpotee. Tundu halikuipunguza hata senti moja.

Mpendwa, maisha yamekutoboa? Jina la Mfalme wako bado liko juu yako. Hapo palipotoboka ndipo Bwana anapopitisha uzi wake, usipotee. Amina?