Usajili

Kitenzi sajili kimetokana na Kiarabu, kwenye neno la daftari la kumbukumbu. Ndiyo maana tunasajili vizazi, ndoa, laini za simu na wachezaji kwa neno lilelile. Kwenye soka, hata hivyo, usajili umebeba mzigo mzito kuliko daftari: kusaka, kupima, kupatana bei, ndipo kuandika.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo acheze Football Manager, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Uingereza. Sifa za kila mchezaji hupewa alama, kuanzia 1 hadi 20: kasi, pumzi, pasi, vichwa. Mgeni wa mchezo huu hukimbilia alama kubwa. Humleta mshambuliaji mrefu, hodari wa vichwa, kumbe timu yake hupitisha mipira katikati, chini chini, na krosi haipigwi hata moja. Au huamuru timu ikabie juu huku mabeki wake wa kati ni wazito; nyuma yao hubaki uwanja mtupu, na mpira mmoja mrefu unatosha kuwamaliza.

Hapa nalipenda zaidi neno kuoana. Tunalitumia kwa rangi za nguo na kwa maneno ndani ya sentensi, nalo lamfaa kabisa mchezaji na mfumo wake. Dirisha la usajili likifunguliwa, magazeti yetu huandika “usajili wa kishindo”. Natamani yaulize pia: huyu ataoana na nani uwanjani, na krosi atapigiwa na nani?