Kondansateri mbili na daftari ya fundi

Leo nawaletea historia ya kitu kidogo kuliko ncha ya kidole.

Mwaka jana pick-up ya mjomba, ya mwaka 1993, inayobeba mihogo kutoka Yanonge mpaka Kisangani, iligoma. Asubuhi inawaka, ikipata joto inazimika. Fundi akafungua kompyuta ya gari, akanionyesha kapasita mbili, yeye anasema kondansateri, zimevuja na shaba ya kadi imeliwa. Mimi na diploma yangu ya historia nilishika tochi tu.

Kazi ya kapasita ni kuweka umeme kidogo na kuutoa unapohitajika. Kleist huko Ujerumani mwaka 1745, na Musschenbroek wa Leiden mwaka 1746, waliuweka ndani ya chupa. Magari ya zamani yalikuwa na moja karibu na platini, ili cheche isizichome. Kompyuta zilipoingia kwenye magari, zikaja kapasita zenye maji ya dawa ndani. Maji hayo hukauka au huvuja, na kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha yake yanakatika nusu. Sasa fikiri gari la 1993 kwenye joto letu!

Kompyuta nzima ya gari lile kuipata ni shida. Lakini kapasita haidai jina lile lile. Unaangalia mikrofaradi, volti, joto inayovumilia, na kama inaingia mahali pake. Volti zikizidi kidogo si neno, zikipungua ni hatari. Upande wa kutoa usiugeuze, italipuka.

Fundi alitoa za kwanza kwenye redio mbovu. Zilidumu siku kumi na moja. Kumbe zilikuwa za nyuzi 85, tena nazo zimezeeka. Tukavuka mto kwa Lubunga kutafuta mpya mjini: mikrofaradi 47 kama zile, volti 25 badala ya 16, nyuzi 105. Akasafisha kadi kwanza, akaunga shaba iliyokatika kwa waya mwembamba.

Hapa ndipo historia inaniuma. Kuna kapasita nyingine, za tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, kama ile ya Rubaya, Masisi. Mwaka 2000 bei yake ilipanda sana. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika jinsi majeshi ya nje yalivyochota mali yetu. Juni 2000 mawili kati ya hayo, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Mwaka 2022 mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile. Na sisi bado tunavunja redio kutafuta kapasita.

Pick-up inatembea. Fundi hana shule kubwa, na yote anayojua yako kichwani. Siku akiondoka, yanaondoka naye. Kwa hiyo nimenunua daftari: gari gani, kapasita ipi ilikufa, ipi iliingia, ilidumu muda gani. Tumefika ukurasa wa nne.

Kwenu je, nani anaandika ya fundi wa mtaa?