Tarehe ya Michezo ya Kuketi, Meru na Embu

Waingereza waliweka kituo Embu mwaka 1906. Miaka miwili baadaye E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, akafungua kituo cha Meru. Maduka yakafuata: chumvi, mablanketi, waya, sukari, baadaye taa na baiskeli. Katika shehena hizo zote mchezo haukuwa bidhaa ya kutegemewa na mwenye duka, na sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mchezo ulikuwapo tayari, na kila aliyeutaka aliupata bure. Wameru waliuita kiothi. Wachezaji walichimba safu mbili za mashimo ardhini, wakaokota mbegu au kokoto, wakacheza huku mifugo ikila. Ni ndugu wa bao la Waswahili, ingawa bao la pwani lina safu nne, nyumba, na sheria nzito zaidi. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya namna hiyo yamechongwa kwenye mwamba. Mwenye mwamba kama huo anunue ubao wa nini?

Historia ya biashara ya michezo kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu maboksi yaliyotoka ghalani. Kwa hesabu hiyo Meru na Embu hazina hata ukurasa mmoja. Mimi nasema hesabu yenyewe ndiyo fupi. Mlima Kenya upande wa mashariki ulikuwa na michezo ya ubao, na ulikuwa na mchezo wa kujivika uhusika na kusafiri kwa maneno, muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria kuutilia bei.

Tuanze na hadithi ya Mbwaa, kwa sababu humo ndimo kuna utajiri. Wazee wa Kimeru wanasimulia kwamba babu zao walitoka katika nchi ya maji iitwayo Mbwaa, ambako walitawaliwa na Nguuntune, watu wekundu. Mabwana hao waliwapa majaribio, moja baada ya jingine, kila moja gumu kuliko lililotangulia. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakaketi, wakashauriana, wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya huku na huku. Likaja la mkuki wa kufika mbinguni. Hilo halikuwa na jawabu, na kukosekana kwa jawabu ndiko kulikowafanya watoroke usiku wakiongozwa na mzee ambaye masimulizi mengi humwita Koomenjoe, mpaka maji yalipogawanyika wakavuka. Padre Bernardo Bernardi aliiandika simulizi hiyo katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959, na baada yake mwanahistoria Jeffrey Fadiman akazunguka kwa wazee wa Meru akikusanya zaidi. Yeyote aliyewahi kumsikiliza msimulizi hodari akifika kwenye kile kiatu anajua kinachotokea: anasimama, anawageukia wasikilizaji, na kila mmoja anaanza kutafuta ng'ombe wake kichwani. Kwa muda ule wote waliopo ni mateka wa Mbwaa.

Waembu nao wana simulizi ya Mwenendega, baba yao wa asili, na kichaka chake kitakatifu karibu na Runyenjes bado kipo.

Mchezo ulio karibu zaidi na kila mtoto wa shule ni kitendawili. Anayetega anategewa sikio, wengine wanajibu, wakishindwa anadai mji. Akipewa Embu, haridhiki kuipokea tu. Anaanza safari: nikaenda Embu, nikafika nikakuta watu wa kila aina, nikala, nikanywa, wakanishangilia, wakaniambia nikirudi niwasalimie. Ndipo anatoa jawabu. Kwa dakika moja mtoto wa darasa la nne amekuwa mgeni wa heshima, ameingia mji ambao pengine hajawahi kuuona, na sharti lake la kuingia humo amelishinda kwa akili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, vitendawili vilipangwa vitabuni na kuuzwa pamoja na madaftari kila Januari. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mchezo wa kusema ulipoingia dukani kwa mara ya kwanza katika miji yetu. Uliingia kama kitabu cha mtihani, nao ukapoteza ile safari ya kwenda mjini, kwa kuwa mtihani unataka jawabu peke yake.

Mwaka 1974 makumbusho ya Meru yalifunguliwa katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya (DC). Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani. Mmoja anasimulia dunia na hatari zake, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu zenye nyuso nyingi huamua kama upanga umepata au umekosa. Kampuni ya Gygax, TSR, ilichapa maboksi 1,000 yenye vijitabu vitatu, kila boksi dola 10. Yalichukua karibu mwaka mzima kwisha. Kilichouzwa humo ni kanuni tu. Wamarekani walikuwa wamegundua njia ya kuweka bei kwenye kile ambacho msimulizi wa Meru hutoa kwa kikombe cha uji.

Biashara hiyo ilipanda kwa njia ya kusikitisha. Agosti 1979 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan State, James Dallas Egbert, alitoweka. Mpelelezi aliyemtafuta na magazeti wakausingizia mchezo, na nchi nzima ikataka kujua ni mchezo gani huo. Mauzo yakaruka. Boksi jekundu la mwaka 1983, lililoandikwa na Frank Mentzer, liliwafikia watoto katika maduka ya kawaida ya vinyago. Kisha TSR ikajizamisha yenyewe: ilitoa dunia nyingi za kubuni kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na vitabu vyake, wateja walewale wakagawanyika, na vitabu visivyouzwa vikarudishwa na msambazaji aliyekwisha kuvilipia. Kufikia mwisho wa 1996 haikuweza kumlipa mchapaji. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyotajirika kwa mchezo wa karata uitwao Magic, na miaka miwili baadaye kampuni ya vinyago ya Hasbro ikainunua Wizards. Afrika iliingia katika biashara hiyo mwaka 2002 kwa kitabu Nyambe, kilichoandikwa na Christopher Dolunt, Mmarekani, kikatolewa na Atlas Games ya hukohuko.

Huku kwetu wakati huo ilikuwa drafti. Ubao ulipigwa rangi kwenye kipande cha mbao na fundi wa jirani, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, upande mmoja vimelazwa na upande mwingine vimefunuliwa. Soda zenyewe zilitoka kwa Mount Kenya Bottlers kule Nyeri, kwa hiyo kila kreti iliyopanda kwenda Meru au Embu ilikuwa, bila kiwanda kujua, shehena ya kete. Aliyefaidika kwa shilingi ni mwenye kibanda: chai, sigara, miraa upande wa Meru, muguka upande wa Mbeere. Watu walikaa saa nyingi, na saa hizo ndizo zilizouzwa.

Vibanda vya PlayStation vilipokuja, vilifuata hesabu ileile, kwa sababu kijana analipia gemu moja moja na kuondoka mikono mitupu. Baada yake ikaja kamari ya simu. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, SportPesa ikaingia sokoni 2014, na pesa nyingi za vijana zikaelekea huko. Sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba ilichukua jina la mchezo huku ikiacha nje kila kitu ambacho wazee wangekiita mchezo.

Chuo Kikuu cha Meru cha sayansi na teknolojia pale Nchiru na kile cha Chuka vilipata hati zao mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Katika vyuo hivyo simu moja inatosha kupakua kanuni ambazo zamani zilikuwa ndani ya boksi. Januari 2023, baada ya Wizards kujaribu kukaza masharti ya leseni iliyoruhusu wengine kutumia kanuni zake na kupingwa vikali na wateja, iliachia kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, takriban kurasa 400, kwa leseni ya umma. Mwanafunzi wa Nchiru anaruhusiwa leo kuzichukua, akaondoa mapango na mazimwi ya Wisconsin, akaweka Mbwaa na Nguuntune, akachapa kitabu na kukiuza. Hamlipi mtu mrabaha. Anachodaiwa ni kutaja alikozitoa kanuni.

Upande wa hadithi ndiko kuna deni. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na kwa sheria hiyo anayetaka kufanya biashara na simulizi ya jamii hupaswa kwanza kupata idhini ya wenyewe na kukubaliana nao juu ya faida. Naiona ni haki kabisa, na ningependa kitabu hicho kiandikwe kwa njia hiyo, na mapema, wakati wasimulizi wa kuulizwa bado wapo. Pa kuanzia si mbali: baraza la wazee wa Njuri Ncheke lina makao yake makuu Nchiru, kijiji kilekile cha chuo.