Tawasifu ya Equiano na Utata wa Mahali Alipozaliwa

Olaudah Equiano alichapisha tawasifu yake London mwaka 1789, wakati biashara ya utumwa ilipokuwa ikijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Anasema alizaliwa karibu mwaka 1745 huko Essaka, katika nchi ya Waigbo, Nijeria ya leo. Siku moja watu wazima wakiwa kazini, wanaume wawili na mwanamke mmoja waliruka ukuta wakamteka yeye na dada yake. Aliuzwa huku na kule hadi pwani, akapakiwa melini, akihofu kwamba Wazungu wangemla. Kitabu kilipata matoleo tisa kabla hajafariki mwaka 1797.

Shaka zilianza angali hai. Mwaka 1792 magazeti ya London yalidai kuwa alizaliwa Santa Cruz, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Wadenishi. Equiano alijibu kwa kuwataja watu waliomfahamu alipofika Uingereza, akiwa hajui lugha nyingine ila ya Afrika. Mjadala ulifufuka mwaka 1999, mtafiti Vincent Carretta alipotangaza kumbukumbu mbili. Daftari la ubatizo la kanisa la St Margaret's, Westminster, la Februari 1759, linamtaja kuwa mzaliwa wa Carolina. Orodha ya mabaharia wa Racehorse, meli iliyokwenda Aktiki mwaka 1773, inaandika South Carolina.

Mwanahistoria Paul Lovejoy alipinga hitimisho la Carretta kwamba huenda Equiano alizaliwa Carolina, akionyesha kwamba maelezo ya Equiano kuhusu mila za Waigbo, zikiwemo chale za usoni za watu wenye hadhi, yana msingi. Aidha, mtoto anayebatizwa huenda hakuulizwa alikozaliwa. Hoja hiyo haitoshi kwa orodha ya 1773, kwani wakati huo alikuwa mtu mzima na huru. Hata hivyo, orodha yenyewe haielezi sababu ya jibu hilo. Kwa upande mwingine, katika kuieleza Afrika, Equiano aliegemea pia maandishi ya Anthony Benezet, mpinga utumwa wa Pennsylvania.

Utata huo unagusa hasa sura za mwanzo. Utumishi wake katika jeshi la majini la Uingereza chini ya afisa Michael Henry Pascal, wakati wa Vita vya Miaka Saba, unathibitishwa na kumbukumbu za jeshi hilo. Mwaka 1766 alijikomboa kwa pauni 40 kutoka kwa Robert King, mfanyabiashara wa Montserrat, na hati ya uhuru wake ameinakili kitabuni. Mwaka 1783 ndiye aliyempelekea mpinga utumwa Granville Sharp habari za meli ya Zong, ambayo mabaharia wake waliwatosa baharini watumwa zaidi ya 130, na wenye meli wakadai bima.

Kwa mwanafunzi, thamani ya kitabu inategemea swali analokiuliza. Anayetafuta maisha ya Waigbo wa karne ya 18 atahitaji vyanzo vingine kando yake. Anayechunguza maisha ya mabaharia weusi, au bei na masharti ya kujikomboa, ana shahidi wa kutegemewa. Anayechunguza kampeni dhidi ya utumwa atafaidika hata na sehemu zenye shaka, kwa sababu zinaonyesha hoja zilizowagusa wasomaji wa Uingereza. Habari za safari ya melini zinaweza kupimwa kwa maandishi ya Alexander Falconbridge, tabibu wa meli za watumwa, ya mwaka 1788: naye anaeleza joto na uvundo wa chini ya sitaha. Kwa hiyo hali ya melini inathibitika hata kama Equiano aliisikia kwa wengine; kinachobaki bila uamuzi ni kama yeye mwenyewe alikuwemo.